Tarumbeta Upande wa Kushoto

Mamelodi
Jumapili, 12 Mei 1991

Baba Pheladi,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na shida nitasahau salamu. Sisi tupo. Mama yupo na nguo zake nyeusi, na mwanao ameota jino la pili, kalijaribu begani kwangu, alama bado ninayo.

Ijumaa nilisimama tena dukani kwa Mma Raisibe nikisubiri simu yako. Nilisimama mpaka anafunga. Akaniambia, "Nenda nyumbani, Mama Pheladi. Ikilia nitakuja kukuita hata na povu la sabuni kichwani." Haikulia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Leo baada ya kanisa wazee wa chama cha jazi walikuja. Aliyesema ni Ntate Sekgothe, rafiki wa marehemu Baba, yule wa viatu vya rangi mbili. Alivua kofia akaiweka gotini, nikajua kuna jambo.

"Binti Mothibedi," akasema, "tarehe mosi Septemba mama yako anavua nguo za msiba. Siku hiyo chama kitakuja kusikiliza santuri za baba yako, humu humu ndani. Nyumba ikilia, kiti cha Mothibedi chamani kinabaki chenu. Ikikaa kimya, kuna watu huko nje wanakingoja kiti hicho."

"Kwani itakaa kimya kwa nini, Ntate?"

"Mwanangu, umemsahau mhubiri?"

Nani atamsahau mhubiri! Si ndio sisi wenyewe tuliochomeka maikrofoni yake kwenye amplifaya ya Baba, na zile honi mbili za hema lake la mahubiri juu yake? Akahubiri mpaka moshi ukatoka, na watu wakaitikia Amina wakidhani Roho ameshuka. Tangu siku ile gramafoni ipo, spika zipo, santuri zipo kabati zima, lakini cha kuzipa sauti hakuna. Fundi alisema imeungua mpaka moyoni.

Kwa hiyo tunatafuta amplifaya, Lesiba. Nzuri, na ya bei ya watu kama sisi. Kiti kile Baba alishasema kwa mdomo wake atakuachia wewe, na mimi sitaki kiondoke.

Ila nikuambie ukweli, Mama hajasahau Desemba. Jana alikuwa anamwambia Mma Raisibe, "Mume wangu alimpa mkwe kiti chake mwenyewe, akamwekea santuri ya tarumbeta, na tarumbeta ndicho chombo chake. Likaja. Mkwe akakaa kama gunia. Humu chamani kila mtu ana chombo chake, na chombo chako kikilia nawe huinuki kukicheza, unamwambia mwenye nyumba kwamba kwake hujasikia kitu. Na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mume wangu kukaribisha chama."

Niliolewa nawe kwa sababu ya tarumbeta hilo, unakumbuka, ulivyolicheza na vidole vyako hewani kama unalo kweli. Niambie nimjibu nini.

Mkeo,
Kedibone


Hosteli ya mgodi, Carletonville
Alhamisi, 23 Mei 1991

Mama Pheladi,

Barua yako imefika na imenikuta mzima, mwenye njaa, na soksi moja. Nyingine imeibwa. Mwizi wa soksi moja sijui ana mguu gani.

Simu ya hosteli imekufa. Usijichoshe kusimama dukani. Tuandikiane, barua ni nzuri, mtu unaisoma hata mara nne.

Kuhusu amplifaya, nimeuliza wenzangu. Wote wanasema nenda lile duka kubwa mjini, kuna moja mpya ina wati elfu moja na taa zinazopanda na kushuka. Chukua hiyo. Ile ya Baba, Mungu amrehemu, ilikuwa inanong'ona. Wazee walikuwa wanainama kama wanaambiwa siri. Sisi tununue kitu chenye nguvu, kifike mpaka sikio la mwisho chumbani. Fedha nimempa mwenzangu Madimetja, anakuja huko mwisho wa mwezi.

Kuhusu Desemba, mwambie Mama nilikuwa nimechoka. Nilitoka zamu nikapanda basi moja kwa moja. Na ile santuri imekwisha, Kedibone. Tarumbeta limefutika. Nilikuwa nasikia ngoma tu.

Mbusu Pheladi kwenye hilo jino.

Mumeo,
Lesiba


Mamelodi
Jumapili, 9 Juni 1991

Baba Pheladi,

Nilikwenda. Sikutaka kununua kitu kwa kusimuliwa, kwa hiyo nilibeba gramafoni ya Baba na ile santuri unayosema imekwisha. Pheladi mgongoni, gramafoni kifuani imefungwa blanketi lake la maua. Kwenye treni mama mmoja akanipisha kiti akasema, "Pole dada, mapacha ni kazi." Nikakaa. Sikumsahihisha.

Hiyo yako ya wati elfu moja nimeiona. Inang'aa kweli. Kijana mwenye tai akaniambia, "Mama, ukifungua hii mtaa mzima utahama."

Nikamwambia, "Wakihama nitaazima sukari kwa nani? Hebu chomeka gramafoni yangu tusikie."

Akazunguka nyuma ya kile kidude. Akatafuta tundu. Akajaribu hili, akajaribu lile. Taa zikapanda zikashuka kama mji unaoungua, lakini sauti, Baba Pheladi, ilikuwa mbu ndani ya chupa. Nikamuuliza, "Sasa hizo wati elfu moja zimekwenda kula?"

Akaona haya. "Mama, siku hizi watu wanapiga kaseti. Tundu la gramafoni hawaliweki tena. Sauti ya sindano ni ndogo mno, lazima ikuzwe kwanza ndani, na hii haina sehemu hiyo."

"Basi hii si yangu," nikasema, nikafunga pacha wangu.

Nikaenda Marabastad, kwa Bwana Jeena anayeuza redio zilizotumika. Pale nimejifunza. Nilikuwa nasoma kila tundu kwa kidole, maana maandishi ni madogo na shule yangu unaijua, naye anasubiri huku anakunywa chai. Akaniambia wati za kwenye boksi ni maneno ya boksi. Nyumba kama yetu haihitaji hata thelathini. Akanionyesha moja nyeusi, nyembamba, ina taa moja tu, na tundu la gramafoni lipo. Akaiweka ile santuri.

Haijakwisha, Lesiba. Tarumbeta lipo. Lilikuja kutoka spika ya kushoto, nikasikia mpaka mpigaji anavuta pumzi kabla ya kupuliza. Hata kwa Baba sikuwahi kusikia hivyo. Pheladi akaacha kunyonya akatazama.

Nimemwachia Bwana Jeena kitambulisho changu, amenipa niijaribu nyumbani. Nadhani ndiyo hiyo.

Sasa la pili. Kwenye treni ya kurudi nilikaa na mke wa Madimetja. Nikamwambia pole, na nyinyi simu ya hosteli imewafia. Akanishangaa. Akasema mume wake anampigia kila Ijumaa, kwa simu hiyo hiyo, na juzi walicheka mpaka sarafu zikaisha.

Nilipokupigia Februari kukuambia Baba amelazwa, ulisema "Vizuri, msalimie," kama nimekuambia kuku ametaga. Nikameza. Desemba ulikaa, nikameza. Kama kuna mwanamke, niambie jina lake nijue nameza kwa ajili ya nani.

Kedibone


Hosteli ya mgodi, Carletonville
Alhamisi, 20 Juni 1991

Mama Pheladi,

Hakuna mwanamke. Naapa kwa kaburi la Baba.

Usiniulize ya simu. Nunua ile yenye nguvu, wakuwekee hilo tundu, mafundi wapo. Hiyo nyembamba sitaisikia, yaani hatutaisikia watu wakijaa.

Septemba sitakuja. Likizo hawatoi. Mwambie Ntate Sekgothe aniwie radhi, na kiti akae yeyote.

Lesiba


Mamelodi
Jumapili, 14 Julai 1991

Baba Pheladi,

Barua yako ya mistari michache niliiweka chini ya kopo la chai nisiione. Nilikaa nayo kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira naandika vibaya, hata herufi zinagongana.

Amplifaya nayo imekaa chini ya kitanda wiki zote hizi, Bwana Jeena amevumilia sana. Ni Mama. Muziki kwenye nyumba ya msiba hakubali. Nimembembeleza kila siku. Nikamwambia, "Mama, kujaribu si kusikiliza." Leo mchana kanitazama akasema:

"Haya. Upande mmoja wa santuri, mlango umefungwa. Jaribu, lakini usifurahi."

Nikaunganisha. Mama akakaa kwenye benchi kando ya mlango, mkanda wake mweusi kaufunga vizuri kama anayekwenda kanisani. Mimi nikakaa kwenye kiti cha Baba, kile kilichobanwa na spika ya kulia, hakuna pengine pa kukaa. Pheladi alikuwa amelala begani kwangu, bega la kushoto, kichwa chake kizito kimeziba sikio langu lote. Unajua anavyolala, kama mfuko wa unga.

Santuri ikaanza. Ngoma zikanijia kwa kulia, karibu kabisa, kama mtu anapiga mlango. Nikakaa nikisubiri. Mara Mama akainua kidole: "Hilo."

"Lipi, Mama?"

"Tarumbeta. Wewe nawe umekuwa kama mumeo?"

Sikulisikia, Lesiba. Nakuapia. Nilisikia ngoma tu.

Nikamhamisha mtoto bega la kulia. Tarumbeta hilo hapo, limejaa chumba. Nikamrudisha kushoto. Limezama. Nikamhamisha tena. Mama akasema, "Mbona unamrusharusha mtoto kama sufuria ya moto? Atatapika."

Nikaacha santuri izunguke mpaka mwisho. Nilikuwa naunganisha mambo kama nilivyounganisha zile waya. Kiti hiki ndicho ulichokaa Desemba. Ngoma tu, uliandika mwenyewe. Amplifaya ya Baba inanong'ona. Ile yenye nguvu, ile yenye nguvu. Vizuri, msalimie. Simu imekufa.

Simu haikufa, Baba Pheladi.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza tangu lini. Na nakuomba msamaha kwa yule mwanamke niliyemtafuta, kumbe hayupo.

Jibu kwa mkono wako. Usifanye utani.

Mkeo,
Kedibone


Hosteli ya mgodi, Carletonville
Jumapili, 28 Julai 1991

Kedibone wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Hii nitaituma vyovyote itakavyokuwa.

Tangu mwaka juzi. Ile mashine ya kutoboa mwamba unaiegemeza upande mmoja wa mwili, mimi naiegemeza kushoto. Kwanza sikio lilikuwa linapiga mluzi nikitoka zamu, kisha mluzi ukawa hauondoki, kisha siku moja nililalia sikio la kulia hosteli nzima ikanyamaza. Nilidhani watu wametoka. Nilipoinua kichwa nikakuta wanacheza karata na kupigana. La kulia bado linafanya kazi, si kama zamani, lakini lipo.

Simu ipo kwenye korido, watu wamepanga foleni nyuma wanaimba na kugombana. Nikiweka simu kwenye sikio zima, kelele zao zinaingia humo humo na wewe unakuwa mbali. Nilikuwa nabahatisha. Ukicheka nacheka, ukinyamaza nasema vizuri. Siku ile ulisema kitu, ukanyamaza, nikasema vizuri, msalimie. Nilikuja kuambiwa na Madimetja kwamba Baba kalazwa. Nilikaa kitandani na buti miguuni mpaka asubuhi ya zamu. Tangu siku hiyo sikushika tena simu. Niliogopa nitasema vizuri kwa jambo jingine.

Wakijua hapa, wananitoa kwenye mashine, wananipeleka juu kufagia, na mshahara unakatika. Lakini nitakudanganya nikisema ni mshahara tu. Baba alinipa mtoto wake kwa sababu ya lile tarumbeta. Alinipa na kiti chake. Nikakaa pale nikiwaona watu wote wananitazama, nikajua limekuja, na sijui liko wapi, na nikiinuka kwa kubahatisha nitacheza ngoma watu wacheke. Nikaona bora waniite mkaidi.

Ndiyo maana nilitaka zile wati. Nilifikiri zitalisukuma mpaka liingie.

Sasa unajua. Mpe Ntate Sekgothe kile kiti, mke wangu. Mtu wa sikio moja hana kazi kwenye chama cha jazi.

Wako,
Lesiba


Mamelodi
Jumapili, 11 Agosti 1991

Baba Pheladi,

Kiti hakitolewi.

Nimesoma barua yako, nimelia kidogo nikiwa nafua, maji yakaonekana ni ya beseni, basi. Kesho yake nilibeba ile nyeusi nikairudisha kwa Bwana Jeena.

"Mama, imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzuri kuliko zote. Lakini nataka kitu kingine. Nataka sauti ya spika ya kushoto ije mpaka ya kulia, nayo ya kulia isiondoke."

Akafikiri namtania. Akanionyesha kile cha kuzungusha kinachopeleka sauti upande huu au ule. Nikakizungusha kulia, tarumbeta likafa kabisa, tukabaki na ngoma. Nikamwambia, "Hiki kinafukuza. Mimi sitaki kufukuza mtu, nataka wote wakae pamoja."

Ndipo akaweka kikombe chini. "Aa. Unataka mono, sauti zote zitoke spika zote mbili. Hiyo swichi wameacha kuitia, Mama. Mtu ananunua stirio, atataka mono ya nini?"

"Wewe unayo?"

Akaenda nyuma, akarudi amekumbatia moja ya rangi ya fedha, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ubavuni imekwaruzwa kana kwamba ilipigana na paka. Tundu la gramafoni lipo. Hata boksi haina, wati zake hatujui ni ngapi. Na mbele, karibu na kile cha kuongeza sauti, kuna swichi ndogo ya kubonyeza, chini yake herufi nne. Nilizisoma mwenyewe.

Nikakaa karibu na spika ya kulia. Nikamweka Pheladi begani kushoto, sasa ndiye kipimo changu, nikambania kichwa chake sikioni. Ngoma zikaja peke yake. Nikamwambia Bwana Jeena, "Bonyeza."

Lesiba, lilikuja. Lilipita katikati ya ngoma kama mtu anayepita katikati ya watu sebuleni kuja kukupa mkono. Halikupungua kitu. Nilisimama pale dukani na mwanao begani nikakicheza chombo chako, vidole hewani, Bwana Jeena akapiga makofi. Bei ni ile ile ya nyeusi, kwa sababu ya mikwaruzo, na ukiongeza sauti inakoroma kidogo mwanzoni. Na mimi ndivyo ninavyoamka asubuhi, tutaelewana. Kitambulisho changu nimerudishiwa. Imenunuliwa.

Sasa sikiliza, na hili lisome mara nne kama unavyopenda. Nenda ukapimwe masikio, kabla sikio lililobaki halijafuata mwenzake. Wakikupeleka juu kufagia, fagia. Mshahara ukikatika, tutakata mkate. Nimeshaongea na Mma Raisibe, nitauza gemere ya tangawizi na skonzi pale kituoni, ndoo anayo. Mimi naweza kuishi na mume anayefagia.

Kisha omba likizo. Hujaiomba, mke wa Madimetja ameniambia mume wake amepewa. Tarehe mosi uwe hapa. Utakaa kwenye kiti kile kile, spika ile ile. Hapana haja ya kumweleza mtu kitu. Mimi ndiye nitakayekuwa kwenye amplifaya, na nitabonyeza mimi.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Mkeo,
Kedibone


Hosteli ya mgodi, Carletonville
Jumatano, 21 Agosti 1991

Kedibone,

Nimepimwa. Daktari amenivalisha vitu masikioni akaniambia ninyanyue mkono nikisikia. Kushoto sikunyanyua hata mara moja. Kulia nilinyanyua mara nyingi, mpaka akaniambia basi baba, shusha. Jumatatu naanza kufagia. Madimetja ameniita Bwana Ufagio, nimemwambia kesho nitakuwa na ghala zima la fagio naye atakuwa bado shimoni.

Likizo wametoa. Nitashuka na basi la Jumamosi.

Naogopa. Lakini nakuja.

Lesiba


Mamelodi
Jumapili, 8 Septemba 1991

Baba Pheladi,

Umesahau kofia yako. Pheladi anailalia, kwa hiyo usitegemee kuipata ikiwa na sura ile ile.

Mama anauliza nani atalipia glasi. Anasema mtu anayeinuka kwenye kiti kwa namna ile, aangalie kwanza kama kuna mtu nyuma yake na sinia la gemere. Amevaa ile nguo ya bluu tuliyomnunulia, hataki kuivua hata kupika. Gemere haitoki, nimeifua mara mbili, anasema iache tu, doa la siku hiyo ni lake.

Leo asubuhi Ntate Sekgothe alipita kutusalimu. Alikuja kusema kiti kimeandikwa jina lako. Lakini alikuwa na neno jingine, nikamwona anazunguka nalo, anasifia chai, anasifia hali ya hewa. Mwisho akalitoa.

"Binti Mothibedi, usinione mchokozi. Santuri ile naijua tangu baba yako anainunua. Tarumbeta linakaa kushoto. Jumapili iliyopita lilikaa katikati. Hicho chuma chako cha zamani kina kasoro. Kuna swichi pale imebonyezwa, nikuonyeshe uifungue, upate stirio yako sawasawa."

Kabla sijafungua mdomo, Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Sekgothe," akasema, "hiyo swichi usiiguse. Nyumba hii inasikiliza hivyo."

Ntate akamtazama. Nadhani alielewa, maana alikumbuka kofia yake akaivaa, kisha akaivua tena, akasema, "Basi chombo changu nami kikija hapa, kitakaa katikati." Akanywa chai yake akaenda.

Kumbe Mama ulimwambia. Sikuuliza mlipokaa wawili pale uani mlizungumza nini, nilimwona tu ameshika sikio lako kama la mtoto anayeogeshwa. Lakini tangu uondoke, kila anayepita getini anasimamishwa, awe anataka au hataki. Anamwambia Mma Raisibe, anamwambia muuza makaa, anamwambia mhubiri yule yule aliyetuunguzia: "Mkwe wangu aliinuka. Tarumbeta halijamaliza kuvuta pumzi, yeye yuko juu."

Juu ya swichi amebandika plasta, isije ikaguswa mtu akifuta vumbi.

Ijumaa nitakuwa dukani. Mma Raisibe amesema tukipiga saa ile ya zamu ya jioni, foleni yenu inakuwa fupi. Weka simu kulia, na sikio hilo lizungushie kiganja, kelele zisiingie. Nitasema polepole, kitu kimoja kimoja. Usiposikia, usiseme vizuri. Sema rudia, na mimi nitarudia mpaka uniambie nimekuchosha.

Mkeo,
Kedibone